Mtakatifu Vinsenti wa Paulo: Upendo Uliopangiwa Zamu

Katika parokia zetu nyingi wapo waamini ambao siku moja ya juma huamka kabla ya mapambazuko, wakawasha moto chini ya sufuria kubwa, wakapika kwa ajili ya watu wasiowajua hata majina. Wanaokuja kula ni watoto wa mitaani, wazee waliosahauliwa na ndugu zao, vijana walioshindwa kulipa kodi ya chumba, wagonjwa wanaolala barazani. Huduma ya namna hii ni tunda jema la Injili. Hata hivyo, sote tunajua jinsi inavyoweza kupoa. Mwezi wa kwanza wajitoleaji huwa wengi kuliko vyombo. Baada ya miezi kadhaa wanabaki wachache, wamechoka, na siku moja mvua inanyesha, hakuna aliyefika kupika, na wenye njaa wanakuta lango limefungwa. Upendo ulikuwapo tangu mwanzo, lakini ulikuwa moto wa mabua.

Ndiyo maana leo tunapenda kumtafakari Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambaye Mama Kanisa humkumbuka kila tarehe 27 Septemba. Wengi wetu tunalifahamu jina lake kwa sababu ya chama kinachobeba jina hilo katika parokia zetu. Tunamjua kama baba wa maskini. Pengine hatujamjua vya kutosha kama mtu aliyeketi na wanawake wa parokia moja ya mashambani, akawauliza ni nani atapika Jumatatu na ni nani atapika Jumanne.

Mtoto wa mkulima aliyeona haya

Vinsenti alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wazazi wake, Jean na Bertrande, walikuwa wakulima wadogo wenye watoto sita, na yeye alikuwa wa tatu. Utotoni alichunga mifugo ya nyumbani. Baba yake alipoona kwamba mtoto ana akili, alijinyima ili kumsomesha, akitumaini kwamba upadre utamwinua kijana huyo na kuwainua na wao pamoja naye.

Tusimpambe kupita ukweli. Kijana Vinsenti hakuanza na moyo wa kuwapenda maskini. Alipokuwa shuleni baba yake alikwenda kumtembelea, akiwa amevaa mavazi duni na akichechemea, naye kijana akaona haya, akakataa kwenda kuzungumza naye. Aliikumbuka dhambi hiyo hadi uzeeni, akaisimulia mwenyewe kwa uchungu. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1600, akiwa bado mdogo kuliko umri uliotakiwa na sheria za Kanisa. Barua aliyomwandikia mama yake mwaka 1610 kutoka Paris yaonyesha kwamba bado alikuwa akitafuta cheo chenye mapato ya uhakika, apate kurudi kuishi karibu na nyumbani.

Mungu alimgeuza polepole. Akiwa Paris alihudumu katika nyumba ya Malkia Margareta, ambako sadaka kwa maskini zilipita mikononi mwake. Mwaka 1612 akawa paroko wa Clichy, kijiji kilichokuwa pembeni mwa Paris, na huko akaonja furaha ya kuishi na watu wa kawaida. Kisha akawa mwalimu wa watoto katika familia tajiri ya de Gondi. Lakini shule yake mwenyewe, ile iliyomfundisha kazi ya maisha yake yote, ilimngojea katika mji mdogo wa Châtillon.

Jumapili moja ya Agosti

Mwaka 1617 Vinsenti alikwenda kuwa paroko wa Châtillon, katika eneo la mashariki mwa Ufaransa. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, alipelekewa habari ya familia moja iliyokaa katika nyumba ya upweke nje ya mji. Wote walikuwa wagonjwa, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumhudumia mwenzake. Katika mahubiri aliwaeleza waamini habari hiyo, akawasihi wawahurumie.

Baada ya Masifu ya Jioni aliondoka mwenyewe kwenda kuwaona wagonjwa hao. Njiani alishangaa. Wanawake walikuwa wakienda na wengine wakirudi, makundi kwa makundi, mithili ya maandamano. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, wengine walikuwa wameketi kando ya njia wakipumzika. Wote walikuwa wamebeba vyakula. Paroko gani asingefurahi kuona mahubiri yake yakizaa matunda siku ile ile?

Vinsenti alifurahi, lakini hakuishia katika furaha. Alipofika katika nyumba ile na kuona wingi wa vyakula, alitambua jambo ambalo wengine hawakuliona. Leo wagonjwa hawa wamepata kupita kiasi, na sehemu ya chakula itaharibika. Kesho kutwa watakuwa na njaa kama ya jana. Katika mji ule upendo ulikuwa mwingi, lakini haukuwa na mpango. Tunaweza kusema kwamba kazi yote ya maisha yake ilichipuka katika fikra hiyo moja.

Tarehe 23 Agosti, siku chache tu baadaye, aliwakusanya baadhi ya wanawake wa parokia. Walikubaliana kwamba kila mmoja atakuwa na siku yake, na wote watafuatana kwa zamu. Kabla mwaka haujaisha waliandikiwa kanuni, ikathibitishwa na mamlaka ya Kanisa, na Chama cha Upendo kikazinduliwa rasmi tarehe 8 Desemba 1617, siku ya sherehe ya Bikira Maria. Wanachama wake waliitwa watumishi wa maskini.

Kanuni iliyofika hadi kwenye kijiko

Wapendwa, kanuni ile ya Châtillon yafaa kusomwa jikoni. Vinsenti hakuandika maneno ya juu juu kuhusu huruma. Aliweka kiongozi wa chama, mweka hazina wa kutunza mali ya maskini, na utaratibu wa kutoa hesabu mbele ya wote. Alijua kwamba fedha ya maskini isiyoandikwa daftarini huzaa manung'uniko, na manung'uniko huua huduma.

Kisha aliingia katika chakula chenyewe. Mkate uwe wa kutosha. Pawepo supu na kipande cha nyama ya ndama au ya kondoo iliyopimwa, pamoja na divai kidogo, kama ilivyokuwa desturi ya nchi ile. Siku zisizo za nyama, mayai yachukue nafasi yake. Mgonjwa asiyeweza kutafuna apewe mchuzi na mayai mabichi ya siku hiyo. Yaani maskini hakupewa makombo, bali alipikiwa mlo kama wa mtu wa nyumbani.

Tena akaeleza namna ya kuandaa. Mwenye zamu akifika, amsalimu mgonjwa kwa uchangamfu na upendo. Aweke sinia juu ya kitanda, atandike kitambaa, aweke kikombe, kijiko na mkate. Amnawishe mgonjwa mikono, asali sala ya kabla ya chakula, amimine supu katika bakuli. Amkaribishe kula kwa ajili ya mapendo ya Yesu na Mama yake Mtakatifu, na yote ayafanye kana kwamba anamhudumia mwanawe mwenyewe, au zaidi kana kwamba anamhudumia Mungu, ambaye huyahesabu mema anayotendewa maskini kuwa ametendewa yeye.

Ndani ya kanuni hiyo lipo agizo dogo ambalo twaweza kulipita bila kuliona. Mwenye zamu aanze na wagonjwa walio na mtu wa kukaa nao, na amalizie na yule aliye peke yake, ili kwa huyo wa mwisho aweze kukaa muda mrefu zaidi. Mtu anayetazama ratiba tu angepanga nyumba kwa kufuata ukaribu wa njia. Vinsenti alizipanga kwa kufuata upweke. Zamu, hesabu na vipimo vyote vilikuwepo ili mwishoni apatikane mtu mwenye nafasi ya kuketi karibu na mpweke bila haraka.

Waliomcheka huko Mâcon

Chama cha Châtillon kiliwahudumia wagonjwa maskini majumbani mwao. Je, wasio na nyumba? Swali hilo lilimkabili Vinsenti mwaka 1621 alipopita katika mji wa Mâcon. Mitaa na milango ya makanisa ilijaa ombaomba, na wenyeji walikwisha kuzoea kuwaona na kuwaogopa. Akatoa pendekezo. Maskini wa mji waandikwe majina, wapewe msaada katika siku zilizopangwa na kujulikana. Wasafiri fukara wapewe malazi ya usiku mmoja na fedha kidogo ya njiani. Wale wanaoona haya kuomba wasaidiwe wanapougua. Katika utaratibu huo mlikuwa pia na ukali: aliyekutwa akiomba nje ya siku zilizopangwa alikosa msaada.

Watu wengi walimcheka. Yeye mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walimnyoshea vidole barabarani, wakidhani kazi hiyo haiwezekani. Lakini baadhi ya viongozi wa Kanisa na wa mji walimwunga mkono, wanaume na wanawake wakajiunga, na msaada ukaanza kutolewa kwa utaratibu. Walipoona matokeo, wale wale waliocheka walitokwa na machozi. Viongozi wa mji walitaka kumwaga kwa heshima kubwa, naye, ili kuikwepa heshima hiyo, akaondoka kwa siri. Sisi tunaoanzisha huduma tukiwa watatu au wanne, na kuambiwa kwamba tunawazoesha watu uvivu, tuikumbuke Mâcon.

Pale chakula kinapofika bila mpikaji

Miaka iliyofuata Vyama vya Upendo vilienea katika vijiji na miji. Mwaka 1625 Vinsenti alianzisha Shirika la Misioni kwa ajili ya kuwahubiria watu wa mashambani Habari Njema, na mapadre wake walipomaliza misioni mahali fulani, waliacha chama cha kuwahudumia maskini. Lakini kuanzisha si kudumu. Tangu mwaka 1629 Mtakatifu Luisa wa Marillac, mjane mwenye busara aliyekuwa akiongozwa naye kiroho, alisafiri kuvitembelea vyama hivyo. Alikagua hesabu, alisikiliza malalamiko, aliwatia moyo waliochoka, na kurekebisha yaliyolegea. Utume wa namna hiyo hauna sifa nyingi mbele ya watu, ila pasipo huo sufuria nyingi zingebaki zimefunikwa.

Huko Paris likatokea tatizo jingine. Wanawake wa tabaka la juu walijiunga kwa moyo mwema, lakini kazi yenyewe ikawashinda. Kupanda ngazi nyembamba na chungu cha supu mkononi hakukulingana na maisha waliyoyazoea, na baadhi ya waume waliogopa magonjwa. Hivyo wengine wakaanza kuwatuma watumishi wa nyumbani. Chakula kilifika, lakini yule aliyeahidi kumpenda maskini hakufika. Vinsenti na Luisa waliona kwamba huduma inaweza kukamilika kwa hesabu, hali imepungukiwa moyo.

Jibu la Mungu lilikuja kupitia binti wa kijijini. Marguerite Naseau wa Suresnes alikuwa mchunga ng'ombe aliyejifundisha kusoma, kisha akawafundisha wasichana wengine. Alijitolea kuwahudumia wagonjwa maskini wa Paris kwa mikono yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1633 baada ya kumpokea kitandani mwake mgonjwa wa tauni. Tarehe 29 Novemba mwaka huo huo Luisa aliwakusanya nyumbani kwake wasichana wachache wa namna yake. Ndio mwanzo wa Mabinti wa Upendo. Hawakufungiwa ndani ya kuta za monasteri kama watawa wa kike wa wakati ule. Njia yao ilikuwa mitaa ya mji, na makao yao yalikuwa karibu na wagonjwa.

Supu kwa maelfu

Jaribu kubwa lilikuja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoitwa Fronde. Mwaka 1652 majeshi yaliharibu mashamba yaliyouzunguka mji wa Paris, na wakimbizi wakafurika mjini bila makazi wala chakula. Vinsenti alikuwa amepita umri wa miaka 70. Kutoka nyumba ya Mtakatifu Lazaro, makao makuu ya shirika lake, alisaidia kuunganisha nguvu za maparoko, Akina Mama wa Upendo, mapadre wake na masista. Barua zake za mwaka huo zinataja takriban watu 15,000 waliopewa supu kila siku katika mji huo, na katika parokia ya Mtakatifu Paulo peke yake Mabinti wa Upendo waliwapikia karibu watu 5,000.

Hata katika wingi huo vipimo havikuachwa. Yalikuwepo maelekezo ya kupika supu ya kuwatosha watu 100: maji kadhaa wa kadha, mkate uliokatwakatwa, mafuta au siagi, mbaazi au maharage, mboga na chumvi, kisha kila mtu apakuliwe upawa mmoja. Kwa anayetazama kwa mbali, jambo hilo ni dogo. Lakini sisi tuliowahi kusimama nyuma ya sufuria tunajua maana ya kumtazama mtu wa mwisho kwenye mstari ukiwa umebaki na upawa mtupu. Kipimo ni haki ya yule aliye nyuma.

Utaratibu usio na mabavu

Hata hivyo Vinsenti alijua kwamba utaratibu nao unaweza kupotoka. Mwaka 1656 mfalme aliamuru kuanzishwa kwa Hospitali Kuu ya Paris, ambako ombaomba wa mji wangekusanywa na kuwekwa ndani, wapende wasipende. Wengi waliusifu mpango huo, wakiwemo baadhi ya wasaidizi wake wa karibu. Kwa muda mrefu Vinsenti alikuwa amesitasita. Alitaka kuanza kidogo kidogo, na wale waliokuja kwa hiari yao, bila kumlazimisha mtu. Alipoombwa mapadre wa shirika lake wawe walezi wa kiroho wa mahali hapo, hakukubali.

Muda mfupi kabla ya hapo, mnamo 1653, alikuwa amefungua nyumba ndogo iliyoitwa Jina la Yesu. Ilipokea wazee 40, wanaume 20 na wanawake 20, waliokuwa mafundi wasiojiweza tena. Waliishi humo kwa amani, wakifanya kazi nyepesi kwa kadiri ya nguvu zao. Nyumbani kwa Mtakatifu Lazaro nako, maskini wawili waliketi mezani pamoja naye wakati wa chakula. Mtu aliyepanga supu ya maelfu hakutaka mlo wake mwenyewe upite bila kuzitazama nyuso za wawili.

Mwisho wa safari na urithi wake

Miaka ya mwisho miguu yake ilivimba na kujaa vidonda, hata akashindwa kutembea. Luisa alitangulia kwa Bwana tarehe 15 Machi 1660. Vinsenti alimfuata tarehe 27 Septemba mwaka huo huo, akiwa ameketi kitini, amevaa mavazi yake, kama mtu anayengoja kuitwa kazini. Papa Klementi XII alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1737, na mwaka 1885 Papa Leo XIII alimweka kuwa msimamizi wa vyama vyote vya matendo ya huruma.

Mwaka 1833, huko huko Paris, mwanafunzi wa chuo kikuu Mwenyeheri Frederiko Ozanam na wenzake walianza kuwatembelea maskini majumbani, wakiongozwa na Mwenyeheri Sista Rosalie Rendu, mmoja wa Mabinti wa Upendo. Chama chao kikachukua jina la Mtakatifu Vinsenti, na ndicho hicho kilichofika hadi katika parokia zetu za Afrika Mashariki.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, tusidharau daftari la zamu. Orodha ya majina iliyobandikwa ukutani mwa jiko la parokia ni tendo la upendo, kwa sababu inamhakikishia mwenye njaa kwamba juma lijalo hatasahauliwa. Ahadi ya kupika siku moja na kuitimiza ni bora kuliko magunia ya sikukuu yanayofuatwa na miezi ya ukimya. Tena daftari la fedha liwe wazi kwa wote.

Pili, mwenye zamu afike mwenyewe. Sadaka ya fedha inahitajika sana, wala hatuibezi. Lakini maskini anahitaji pia kusalimiwa, kuitwa kwa jina, kunawishwa mikono na kukaribishwa. Wala tusimlazimishe kuwa vile tunavyotaka ndipo ale.

Tatu, na hili ndilo tunalowaachia, tujiulize ni nani anayemaliza kula na kubaki peke yake. Sahani zikiisha kukusanywa na wengine wakiwa wamekwenda zao, mara nyingi yupo mmoja anayechelewa kuondoka kwa kuwa hana pa kwenda. Kwa desturi zetu, wakati huo sisi tuna haraka ya kuosha sufuria na kurudi nyumbani. Kanuni ya Châtillon inatuelekeza tuwaachie wengine sufuria, tuvute kiti, tuketi naye. Huenda hapo ndipo huduma yetu ya juma zima inapokutana na Bwana aliyetungoja.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, utuombee.